Mkono wa Evasio Haukuinuka

Asubuhi ile, kutoka ziwa la Moncenisio juu mlimani hadi daraja la Susa bondeni, mkono wa Evasio Garbolino haukuinuka hata mara moja.

Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, ndani ya chumba cha vioo, juu ya mahameli ya rangi ya zabibu mbivu, mahali ambapo angekaa mwenye gari. Mbele, shemeji yake Remigio alishika usukani. Ndivyo walivyomalizia kila gari. Lilipokuja kwao mara ya kwanza kutoka kiwandani Torino lilikuwa chesisi tupu, mifupa na injini, halina mlango wala paa, na Evasio mwenyewe ndiye aliyelipeleka mlimani, amekalia sanduku la mbao, nyuma yake wamefunga magunia ya mchanga kushika nafasi ya matajiri. Alilipandisha na kulishusha, akafungua, akasaga, akafunga, mpaka radieta ikaacha kuchemka, breki zikaacha kunuka, na gia zikaingia bila ugomvi. Kisha lilirudi Torino kuvishwa bodi. Na liliporudi Susa limevaa, lina mapazia na taa za shaba, ilibaki safari moja tu: Evasio akae nyuma, afumbe macho, Remigio alishushe polepole. Akisikia mkwaruzo, au kioo kinatetemeka, au gia inanung'unika, ainue mkono. Remigio aliuona kwenye kijioo alichokifunga kwa waya mbele yake, akasimamisha gari palepale, wakaingia uvunguni wote wawili.

Aliyekaa mbele hakuwa na neno la mwisho. Huyo alisikia injini na upepo. Hakuweza kujua tajiri aliyejifungia nyuma ya kioo angesikia nini. Neno lilikuwa la kiti cha nyuma. Mkono wa Evasio ukitulia, gari liliuzwa.

Lakini haukuwahi kutulia kabisa. Gari zuri liliuinua mara mojamoja. Gari bovu lilimfanya Evasio aonekane kama mtu anayefukuza nyuki.

Asubuhi ile alifumba macho kama kawaida, akangoja. Kimya kilimjia kizito na laini, kama theluji inapoangukia theluji. Alingoja kona za Ngazi, ambako barabara inajikunja juu ya jabali na hakuna gari lisilolalamika. Kimya. Mahali fulani alifumbua macho akidhani wamesimama. Misonobari ilikuwa ikipita dirishani, mmoja baada ya mwingine, bila sauti yoyote. Alifumba tena. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akilitafuta gari hili, na sasa amekalia mahameli yake, amevaa koti lenye madoa ya mafuta, wala hakujua afanye nini na mikono yake miwili.

Darajani Remigio alikuja kumfungulia mlango. Alikuwa kijana mpana, mwenye shingo nyekundu ambayo aliisugua kila alipokosa neno.

"Umelala, shemeji?"

"Nini?"

"Nasema ulilala humo?"

"Nilale kazini, nimekuwa wewe? Dada yako alikuwa akikuamsha kwa ndoo ya maji, usifikiri sijui. Gari hili liko tayari. Lipeleke."

Remigio alisugua shingo. "Pale chini ya kijiji cha Molaretto, nilipoondoa mguu kwenye mafuta… hukusikia kitu?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Kama… sijui."

"Kama hujui, basi hakuna."

Remigio hakubishana. Nani angebishana na Evasio juu ya mlio? Kiwandani Torino walimwita Sikio, na mafundi waliohamia viwanda vingine waliondoka na hadithi zake. Alizaliwa Novalesa, chini ya mlima uleule, mtoto wa mtu aliyewashusha wasafiri juu ya theluji kwa sleji. Kisha reli ilitoboa milima upande mwingine, wasafiri wakapotea, na barabara ile kubwa ikabaki ya mbuzi. Evasio alikulia katika kijiji kilichonyamaza, ambako mtu alijua kwa mbali nyayo za nani zinapanda kilimani. Alipokwenda Torino kujifunza kazi kwa watengenezaji wa magari ya farasi, ndipo alipogundua kwamba wenzake hawasikii. Gurudumu likipita mtaani, yeye alisema chuma chake kimelegea upande gani. Walicheka, wakaenda kutazama, wakarudi hawacheki.

Magari ya injini yalipokuja, yakipiga kelele kama sufuria zinazoporomoka ngazini, kiwanda kiligundua mapema kwamba matajiri hawanunui mwendo. Mwendo wangeupata kwa treni. Walichotaka ni kupanda mlima mrefu huku wakinong'onezana. Basi Evasio akatumwa arudi kwao, chini ya mlima wake, apewe banda kando ya mto Dora, atengeneze kimya.

Na hakika magari yalizidi kunyamaza. Kila mwaka yalikuwa laini kuliko mwaka uliopita, na Evasio alijisifu kidogo, moyoni tu. Hata watu nao walikuwa wamepunguza sauti. Padri alianza kumeza maneno. Muuza tumbaku, mtu mropokaji toka zamani, siku hizi aliongea kama anatoa siri. Delfina, mkewe, alizoea kusema jambo akiwa amempa mgongo, kisha akageuka kumtazama kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Evasio aliona ni adabu mpya za mjini zimefika mpaka Susa. Hakuzipenda, lakini hakuzifikiria sana.

Gari la mahameli lilikwenda. Halikukaa sana huko.

Lilirudi siku ya soko, likiendeshwa na dereva wa kiwanda, na nyuma yake alikuwa amekaa Injinia Oddone mwenyewe, mkubwa wao wa Torino, mtu mwembamba mwenye nyusi nene zilizohama usoni kabla ya maneno. Evasio alimheshimu. Injinia hakuwa mtu wa kelele, na alijua kushika spana.

Alishuka, akamshika Evasio mkono, akamwongoza hadi mlangoni mwa banda, mahali pakavu palipo kimya.

"Garbolino, gari hili nimemuuzia mwenye kiwanda cha hariri, amemzawadia mama yake. Yule bibi amepanda mara moja. Kwenye mteremko wa kwanza amegonga kioo, amemwamuru dereva asimame. Anasema kuna mtu analia chini ya kiti chake."

"Kuna nini?"

"Mtu. Analia." Injinia alinyanyua sauti kidogo. "Bibi wa watu ana umri wa kuvuka sabini! Yeye anasikia, wewe hukusikia?"

Evasio alimtazama Remigio. Remigio alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi nilikaa humo toka ziwani," Evasio alisema. "Halikutoa hata pumzi."

"Mimi nimekaa humo toka Torino, na kila linaposhuka kilima linaomboleza. Sikuelewi." Na kweli uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa, si wa mtu mwenye hasira, jambo lililomtisha Evasio zaidi. "Keshokutwa tunapanda mlimani, sisi watatu. Utakaa nyuma pamoja nami, utanionyesha unavyosikiliza. Nataka neno lako, Garbolino. Lakini ukiniambia liko kimya na mimi nasikia linalia, basi neno lako sina tena pa kulipeleka. Na wewe unajua huku sikukuajiri uwe dereva. Madereva ninao."

Akaenda zake hotelini. Evasio alibaki mlangoni na mikono mifukoni.

"Umemwambia nini huyu?" alimgeukia Remigio.

"Mimi? Sijaongea naye hata neno!"

"Gari limetoka hapa zima. Limerudi linalia. Aliyeligusa ni nani?"

"Shemeji, unaniuliza hivyo kweli?"

"Kiti cha nyuma kina mahameli. Labda umekitamani."

Shingo ya Remigio iliiva mpaka masikioni. Alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema kitu huku anaondoka, na Evasio hakukipata. Hakumwita arudi. Mtu akikutukana ndani ya meno, haikupasi kumwomba arudie.

Kesho yake kulikuwa na chesisi mpya ya kupandisha, na kazi haingoji watu wapatane. Evasio alikaa juu ya sanduku lake, Remigio nyuma juu ya magunia ya mchanga, wamenuniana. Chesisi ile ilikuwa mbichi kabisa. Bomba lake la moshi lilikuwa wazi, gia zilisagana kama mawe ya kinu, na kila mfereji wa maji unaokata barabara uliwarusha juu na kuwabwaga. Walipanda hivyo hadi Molaretto, vumbi midomoni, na katikati ya ghasia ile yote Evasio alisikia nyuma yake sauti ikinung'unika polepole:

"Afadhali ningekuwa padri."

Evasio aligeuza kichwa. "Padri gani anamaliza jibini ya watu kama wewe? Parokia ingefilisika."

Remigio aliinuka nusu juu ya magunia. Kisha: "Umenisikia?"

"Kwa nini nisikusikie?"

"Nilikuwa naongea na nafsi yangu!"

"Basi iambie nafsi yako ipunguze sauti. Na hilo bomba la upande wa kulia limelegea, skrubu ya pili. Nalo nalisikia."

Walisimama, wakatazama. Skrubu ya pili ilikuwa imelegea. Evasio aliikaza akipiga mluzi. Hayo basi ndiyo masikio ya kiziwi? Yanapata mnong'ono wa shemeji na skrubu moja katikati ya kelele ya kuangusha mlima, halafu yashindwe na kilio ndani ya chumba cha vioo? Haiwezekani. Kuna mtu anamchezea. Kama si Remigio, ni Injinia, labda ana mpwa anayetaka kumpa kazi hii. Kama si Injinia, ni bibi wa hariri, anazeeka vibaya. Aliteremka mlima akiwa amepata nguvu, akamsamehe Remigio moyoni bila kumwambia.

Nyumbani Delfina alikuwa amepika ugali wa njano, ameumwaga juu ya ubao ili ukatwe kwa uzi, na mchuzi wa uyoga kando. Alikaa mbele yake, akaanza kusema. Evasio aliona midomo inakwenda. Maneno yalimfikia vipandevipande, kama nguo zilizopeperushwa na upepo kutoka kambani, hili tambara, hili shati, lile lingine halijulikani.

"…Oddone… hoteli… wanasema…"

"Sema vizuri, mama! Una nini siku hizi? Hata nyumbani tunanong'onezana?"

Delfina aliweka kijiko chini. Kisha akasimama, akachukua kapu la nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Walitoka. Alimwongoza hadi mahali maji ya Dora yanapoangukia gurudumu la kinu, ambako mawe hayakauki na ngurumo ya maji inatikisa kifua. Hapo palikuwa mahali pao. Hapo ndipo Delfina alipomweleza habari ya posa ya binti yao, hapo alipomweleza kwamba baba yake anakufa, hapo waligombana juu ya paa na kupatana juu ya paa. Evasio alidhani mkewe anapapenda kwa sababu ya ubaridi.

"Sasa," Delfina alisema, bila kupaza sauti, "unanisikia?"

"Nakusikia. Kwani umeanza kuongea vizuri."

"Sijaanza, Vasio. Naongea vilevile. Ni wewe. Ndani ya nyumba hunisikii. Hapa unanisikia."

"Hapa kuna kelele."

"Ndiyo."

"Hapa hata ng'ombe hasikii mwenzake."

"Ndiyo. Na wewe unanisikia. Kwa hiyo kila nikiwa na jambo kubwa nakuleta hapa. Hizi nguo nimezifua na kuzifua mpaka zikachakaa. Mimi nilifikiri unajua."

"Nijue nini?"

Delfina alitua kapu. "Mama yako alikuwa hivihivi. Kanisani kinanda kikipigwa, jirani akimnong'onezea umbea aliupata wote mpaka mkia. Padri akianza kuhubiri na watu wametulia, hapati hata neno. Umesahau? Mlikuwa mkisema ni kwa sababu anapenda umbea kuliko Mungu."

Evasio alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli walisema hivyo. Kisha kicheko kikamwishia njiani. Alitazama maji yanavyoanguka. Alijaribu kulipanga jambo lile kichwani kama alivyopanga vipande vya giaboksi mezani, hiki hapa, hiki pale, lakini halikukubali kufunga. Mtu asiyesikia hasikii. Mtu anayesikia anasikia. Huyu anayesikia penye kelele akawa kiziwi penye kimya ni mtu wa namna gani? Na kama ni hivyo, magari yale aliyokuwa akiyasifu, mwaka hadi mwaka yakizidi kunyamaza mikononi mwake, yalikuwa yakinyamaza yenyewe, au?

Hakumaliza kujiuliza. Alimwacha mkewe na kapu lake, akaenda bandani karibu anakimbia.

Aliliinua gari la mahameli nyuma, akaweka magogo chini ya ekseli, magurudumu yakawa hewani. Aliwasha injini, akaingiza gia. Kisha alichukua kijiti cha mti mgumu, akauma ncha moja, akaigusisha ncha ya pili kwenye difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma.

Kilio kilimjia kupitia meno hadi utosini. Kilikuwepo. Kumbe kilikuwepo! Lakini pamoja nacho vilikuja vyote: beringi zikijizungusha, mafuta mazito yakijibandua, meno ya gia yakihesabiana, shafti ikipumua, kila kitu kwa wakati mmoja, kama kuweka sikio juu ya soko la Jumanne. Alihamisha kijiti huku na huku. Kwa meno yake alisikia kuliko mtu yeyote Susa. Kwa meno yake hakuna gari duniani lililo kimya. Yule bibi aliketi juu ya mahameli, hakuuma kijiti. Ni kipi katika haya alichokisikia yeye? Kipi kinapita kwenye sakafu na zulia kikamfikia, kipi kinakufa njiani? Zamani alilijua hilo bila kufikiri, kama unavyojua mkono wako uko wapi gizani. Sasa alipiga magoti na kijiti mdomoni, mate yakimtoka, na hakujua.

Siku ya pili walipanda watatu. Injinia alitaka Evasio aendeshe kupanda, yeye na Remigio wakae nyuma. Gari lilipanda vizuri, halikuchemka. Mbele ya dereva, karibu na sikio, kulikuwa na tundu la shaba la bomba la kusemea, ili tajiri aagize bila kufungua kioo. Walipofika uwanda wa San Nicolao, ambako injini ilitulia mpaka ikawa kama mnong'ono, Evasio alipendezwa na jinsi inavyovuta. Akavuka uwanda, akaingia kona, akaingia nyingine. Ndipo kioo cha nyuma yake kikagongwa kwa ngumi. Alisimama. Remigio alikuwa ameshuka, amemkimbilia.

"Injinia amesema simama pale uwandani! Amesema mara tatu!"

"Amesema wapi?"

"Kwenye bomba, shemeji. Kwenye bomba."

Evasio alilitazama tundu la shaba. Alilipuliza, labda limeziba. Halikuziba.

Ziwani waligeuza, wakabadilishana viti. Sasa Remigio mbele, Evasio nyuma, bega kwa bega na Injinia, magoti yao yakikaribia kugusana. Mlango ulifungwa. Kimya kikaja, kilekile cha siku ile, laini, kizito, na safari hii Evasio alikiogopa kama mtu anayeona maji yanapanda ndani ya chumba.

Hakufumba macho. Angewezaje? Alielekeza uso mbele, lakini kwa pembe ya jicho alitazama nyusi za Injinia. Wazo lilikuja lenyewe, hakuliita. Nyusi zile zilihama kabla ya maneno. Difu likilia, zitapanda. Zikipanda, yeye atainua mkono. Nani angejua? Na baada ya hapo angelifungua difu, angelitengeneza, kijiti anacho, akili anayo. Ulikuwa udanganyifu mdogo, wa kushuka mlima mmoja.

Walipita ziwa. Walianza kuteremka. Evasio alisikiliza kwa nyayo za miguu, kwa kiganja alichokilaza juu ya kiti, kwa uti wa mgongo. Kulikuwa na mtetemo, ndiyo, lakini mtetemo upo siku zote. Kona ya kwanza ya Ngazi. Nyusi zilitulia. Ya pili. Jabali lilipita upande mmoja, utupu upande mwingine. Kisha nyusi za Injinia zilipanda juu, ghafla, zote mbili.

Evasio aliinua mkono.

Gari lilisimama. Injinia alimgeukia, akiwa bado na mshangao usoni, akamnyooshea kidole dirisha la upande wake. Huko, juu kabisa ya jabali, mahali ambapo hata mbuzi hafiki, alisimama bwana mmoja mnene akichuma maua, amevaa fulana na suruali ya ndani, suruali yake nyingine ameitundika kwenye fimbo.

Injinia alikuwa akicheka. Kisha aliuona mkono wa Evasio ukiwa bado hewani, na kicheko kikatoka usoni kidogokidogo. Aliinama karibu.

"Garbolino, umesikia nini hapa?"

Evasio alipata maneno yale kwa kutazama mdomo. Aliushusha mkono. Angeweza kusema beringi. Angeweza kusema kioo. Maneno yalikuwa tele, yalimjaa kinywani, yote ya kazi yake.

"Sijui, Injinia."

"Hujui ulichosikia?"

"Sijui kama nimesikia. Nilikuwa natazama nyusi zako."

Injinia alizigusa nyusi zake kwa kidole, kama mtu aliyeambiwa ana kitu usoni.

"Tangu lini?" aliuliza, na ikambidi aulize tena.

"Hilo nalo sijui. Mimi nilidhani magari yanazidi kuwa mazuri."

Injinia alifungua mlango, akashuka, akamwendea Remigio aliyekuwa amesimama mbele ya radieta. Upepo haukuwepo. Mlima mzima ulikuwa umetulia, hakuna ngurumo, hakuna kinu, na kwa ajili ya utulivu ule Evasio hakupata hata neno moja. Aliwaona tu kupitia kioo. Injinia aliuliza. Remigio alisugua shingo. Injinia aliuliza tena. Sasa Remigio alianza kusema, akasema kwa muda mrefu kuliko Evasio alivyowahi kumwona akisema, huku akionyesha gari, akionyesha bonde, mara moja akijipiga kifuani. Injinia alitikisa kichwa, lakini Evasio hakuelewa kama ni kukubali au ni kusikitika. Wakamtazama wote wawili kwa pamoja, kisha wakaacha kumtazama, na Injinia akarudi kukaa garini.

Haya, alifikiri. Yamekwisha. Alishuka, akaanza kufungua vifungo vya koti lake la vumbi, kwa kuwa koti lilikuwa la kiwanda. Kifungo cha tatu kilikuwa kimekwama. Alikuwa bado anashindana nacho mkono wa Remigio ulipomshika bega.

"Unavua koti la nini?"

"Eh?"

Remigio alisogeza mdomo mpaka sikioni kwake, akapaza sauti, na jabali likairudisha. "Koti! Unavua la nini? Unaona joto?"

"Amesema nini?"

"Amesema kuanzia leo kiti cha nyuma ni changu."

Evasio aliitika kwa kichwa. Alilijua. Bado lilimpiga.

"Nikamwambia, sawa, nitakaa," Remigio aliendelea kumpigia kelele sikioni. "Nikamwambia, lakini mimi nasikia kama yule bibi anavyosikia! Kinalia, basi. Kinalia wapi, kwa nini, tunakitoaje, mimi sijui. Nikamwambia ukimwondoa huyu, utakuwa na mtu anayeinua mkono na hakuna anayeshuka. Kwa hiyo neno ni langu, kutafuta ni kwako. Ndivyo alivyosema. Unanisikia?"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

"Wewe ni nani basi?"

Evasio hakujua kama amshukuru au ampige kofi, na hakujua kama alilopata ni sawa na alilopoteza au ni dogo zaidi. Zile nyayo za watu wa Novalesa zikipanda kilimani alfajiri, kumbe hazikunyamaza. Zilikuwa zikiendelea kupanda mahali fulani, na watu wengine wanazisikia. Alifunga tena vifungo, kile kilichokwama akakiacha.

"Unaliaje?" aliuliza.

"Nini?"

"Huo mlio. Nikiujua unavyolia nitajua ni meno ya gia au ni beringi. Ufanye."

"Hapa? Mbele ya Injinia?"

"Nani mwenye neno sasa? Ufanye."

Remigio alitazama huku na huku. Bwana mnene wa jabalini alikuwa ameacha maua yake, anawatazama. Remigio alimshika shemeji yake kichwa kwa mikono miwili, akabandika midomo sikioni, akavuta pumzi, akalia. Ulikuwa mlio mrefu, wa kupanda na kushuka, na mwishoni ukapasuka.

Evasio alisikiliza huku amekunja uso.

"Huyo ni ng'ombe wa Novalesa anayezaa."

"Ndivyo linavyolia!"

"Gia hailii hivyo. Mwanzoni unaanzia chini au juu?"

"Juu. Hapana, chini. Sijui, umenichanganya!"

"Basi tuko wawili. Rudia, polepole."

Remigio alivuta pumzi tena, na ndani ya gari Injinia Oddone akasogeza pazia kutazama ni nani anaumia.